Siku tano Lancashire nikiitafuta Tanga

Jumatatu, Bolton

Nimeingia kwa dada jana usiku, leo mvua kutwa nzima, sijatoka, nimekaa jikoni na chai ya tangawizi napanga ratiba kwenye simu. Niseme kwanza kilichonileta maana shemeji ameshaniuliza mara tatu. "Shem, yaani umelipa nauli yote hiyo ndio uje uone makofia ya wanajeshi?" Yeye ni Mkenya wa Nyeri, mtu wa kucheka sana, lakini hapo alikuwa anauliza kweli.

Mi nimekulia Chumbageni. Kwetu Tanga ukitaja vita ya kwanza ya dunia kila mtoto atakutajia nyuki, Waingereza walikuja na meli Novemba 1914, wakashukia Raskazone, wakapigwa, nyuki wakamalizia kazi, basi. Hadithi tumepewa hivyo na tukaishia hapo. Sasa miaka miwili nyuma nikaanza kusoma mwenyewe, nikakuta lile jeshi la watu kama 8,000 karibu lote lilikuwa la Wahindi, batalioni ya Waingereza wenyewe ilikuwa moja tu, batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire, iliyoletwa kutoka India pamoja na wengine, na vijana wa rejimenti hiyo walikuwa wanatoka Preston na Bolton na vijiji vya huku huku. Bolton! Mji ambao dada yangu anaishi mwaka wa kumi na moja huu na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba watu wa mtaa wake waliwahi kufa kwenye mtaa wetu.

Kingine ni cha kifamilia. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa shambani Muheza wakati wa vita, Waingereza walivyorudi 1916 na kuuteka mji, akapelekwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna chochote. Nilitaka tu kuona upande wa pili walihifadhi nini.

Kwa ambaye hajui, jeshi la miguu la Uingereza tangu mageuzi ya 1881 lilifungwa na mikoa, yaani kila rejimenti ikapewa eneo lake la kuandikisha watu, kambi yake na jina la mkoa. Baadaye wakaanza kuziunganisha, mbili zinakuwa moja, nne zinakuwa moja, Loyals, yaani hao Loyal North Lancashire, wakaunganishwa 1970, wakaunganishwa tena 2006 na sasa wote wamo ndani ya Duke of Lancaster's Regiment. Rejimenti zikafa ila makumbusho yake yakabaki kwenye vimji hivi vidogo, na mengi yanasimamiwa na wazee waliotumikia na watu wa kujitolea. Ndiyo hayo nayafuata wiki hii.

Jumanne, Bury

Shemeji alikuwa na mapumziko, kanipeleka kwa gari, mwenyewe akasema anakuja kunisindikiza tu halafu aende sokoni, maana soko la Bury ni maarufu, watu wanakuja na mabasi. Sokoni hakufika.

Makumbusho ya Lancashire Fusiliers, rejimenti ya hapa Bury, yako Moss Street, katikati kabisa ya mji, kwenye jengo la zamani la shule ya sanaa na ufundi, wamehamia hapo 2009. Nje kuna bustani wanaiita Gallipoli Garden na ndani yake mnara mrefu mweupe alioubuni Lutyens, yule yule aliyebuni mnara mkuu wa kumbukumbu London, na huu wa Bury ulikuwa na uzito kwake maana baba yake alikuwa mtu wa rejimenti hii.

Lancashire Fusiliers walianzishwa 1688, namba yao ilikuwa 20, kwa hiyo kila mahali utaona XX, kwenye vifungo, kwenye vikombe, kwenye ngoma. Wana vitu vya Napoleon! Sikutegemea. Kumbe batalioni yao ndiyo ilikuwa zamu ya kumlinda kisiwani St Helena alipofariki 1821, daktari wao alikuwa miongoni mwa waliomtibu siku za mwisho, na askari wao walikuwa kati ya waliobeba jeneza. Nilisimama pale muda, unafikiria mtu aliyetikisa dunia nzima halafu anabebwa na askari wa kawaida tu.

Lakini roho ya jumba zima ni tarehe 25 Aprili 1915. Asubuhi ile batalioni ya 1 ilishushwa na mashua kwenye ufukwe wa Gallipoli, Uturuki, wanaouita W Beach, seng'enge ziko mpaka ndani ya maji, Waturuki juu ya vilima wanawangoja. Zaidi ya nusu ya batalioni waliuawa au kujeruhiwa. Nishani sita za Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza, zilitoka kwa asubuhi ile moja, ndo maana mpaka leo Bury wanasema sita kabla ya kifungua kinywa, na kila Aprili mji unafanya gwaride la Jumapili ya Gallipoli. Kilichonigusa ni jinsi walivyoyaweka majina, hawa sita siyo tu wamepangwa kama orodha, kila mmoja ana sura, ana mtaa, ana kazi aliyokuwa akifanya kabla. Mji mdogo kama huu unajua watu wake mmoja mmoja. Nilimwambia shemeji, ona hii kazi, hii siyo ya serikali kubwa, ni watu wamekataa kusahau majirani zao.

Hakunijibu. Alikuwa amesimama kwenye sehemu ya baada ya vita ya pili, anasoma kuhusu Kenya.

Oktoba 1952 gavana Baring alitangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya Mau Mau, usiku ule ule Kenyatta na wenzake wakaanza kukamatwa, na batalioni iliyorushwa kwa ndege kutoka Misri kuja kutia nguvu ilikuwa hii hii, ya 1 ya Lancashire Fusiliers. Mi nilikuwa naijua kichwani kama habari ya kitabuni. Yeye kaisoma mara ya kwanza, kwenye mji ambao anaendesha teksi kila wikiendi.

Tulikaa kwenye benchi nje karibu na ule mnara. Kaniambia, "Shem, cucu yangu, bibi yangu, alikuwa ndani ya hizo vijiji. Walichimbiwa mtaro, ukitoka saa za kafyu unapigwa risasi." Nikamwambia Fusiliers waliondoka 1953 na vijiji vya kulazimishwa vilianza mwaka uliofuata, wakaingizwa watu zaidi ya milioni moja, siyo hawa. Akasema anajua, hasemi ni hawa. "Nasema tu wao wako na nyumba nzima ya kuweka hadithi yao. Cucu alikuwa na mimi pekee, na mimi sikuwa namsikiza." Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliofanyiwa ukatili kipindi kile, na Nairobi pale Uhuru Park ukajengwa mnara. Cucu yake alishafariki.

Niseme ukweli wangu hapa. Sikumchukia mzee aliyetukaribisha mlangoni, alikuwa mkarimu, alituuliza tumetoka wapi na tuliposema Kenya na Tanzania akafurahi kabisa, akatuonyesha medali ya huduma ya Afrika waliyopewa wa Kenya. Ila nadhani makumbusho ya rejimenti kwa asili yake yanatazama kutoka kwenye begi la askari. Kilichoingia kwenye begi kikarudi nyumbani ndicho utakachokikuta kabatini. Ambacho hakikuingia kwenye begi hakipo, na mtu asiyelijua hilo atadhani hakikuwahi kutokea.

Jumatano, Lancaster

Leo peke yangu, treni. Makumbusho ya King's Own, rejimenti ya Lancaster, yako ndani ya makumbusho ya mji, Market Square, jengo la zamani la halmashauri lenye nguzo. Hapa ni vyumba tu, sio jumba zima, lakini vimejaa.

Nilipoona neno la kwanza nikadhani nimeona Tanga. Ilikuwa Tangier. Rejimenti ilianzishwa 1680 kwenda kulinda Tangier kule Morocco ambako Waingereza walikuwa wameushika mji kwa miaka kama ishirini hivi. Kwa hiyo kazi yao ya kwanza kabisa ilikuwa Afrika, kabla hata ya hiyo Gibraltar na Waterloo wanazozisifia.

Afrika iko kila kona kwenye chumba kile. 1868 walikuwa na jenerali Napier kwenye safari ya kumfuata Mfalme Tewodros Ethiopia, jeshi lilibeba hadi tembo kutoka India wa kuvutia mizinga, wakapanda mpaka Magdala, Tewodros akajiua asikamatwe. Baada ya hapo hazina ya ngome na kanisa ikapakiwa kwenye tembo na nyumbu, vitabu vya ngozi, misalaba, mataji, mpaka nywele za mfalme zilikatwa zikaja Uingereza. Zile nywele zilirudishwa Ethiopia 2019 na makumbusho ya taifa ya jeshi London. Kwa hiyo inawezekana. Hilo nililiandika kwenye daftari langu nikalipigia mstari, kwamba inawezekana.

Halafu kuna Spion Kop. Hii wapenzi wa Liverpool mtanielewa. Januari 1900, vita ya Waingereza na Makaburu, kilima kule Natal, batalioni za Lancashire zilipandishwa usiku na ukungu, zikachimba mitaro mifupi kwenye mwamba, ukungu ulipoondoka wakakuta Makaburu wako juu yao pande tatu wanawamimina risasi siku nzima. Walikufa wamelaliana kwenye mtaro. King's Own walikuwepo, Lancashire Fusiliers ndio walioumia zaidi, na miongoni mwa Wahindi wa Natal waliobeba majeruhi kwa machela alikuwepo Gandhi. Kwa sababu ya vijana waliokufa pale, jukwaa la Anfield lilipojengwa 1906 likaitwa Kop. Mi nimekaa kwenye mabanda umiza ya Tanga tangu nina miaka kumi nasikia watu wanapiga kelele Kop, Kop, na hakuna aliyekuwa anajua tunataja kilima cha Afrika Kusini.

Bendera zao za zamani ziko kanisani, Priory, juu ya mji, wana sehemu yao maalum. Zinaning'inia juu hazishonwi, zinaachwa zichakae zenyewe, zingine zimebaki nyuzi tu kama wavu wa samaki. Nimeupenda utaratibu huo sana.

Nikateremka mpaka gatini, St George's Quay, kuna mnara wa watu waliouzwa utumwani maana Lancaster ilikuwa bandari ya nne kwa ukubwa wa biashara hiyo hapa Uingereza. Meli zimeandikwa, na idadi za watu waliobebwa. Majina ya watu hamna. Nikarudi stesheni na baridi lake.

Alhamisi, Preston

Leo ndo leo.

Makumbusho ya Lancashire Infantry yako ndani ya Fulwood Barracks, na hiyo ni kambi kwelikweli, kuna geti, kuna mlinzi, unaonyesha kitambulisho. Kambi imejengwa kwa mawe miaka ya 1840, na sababu ya kujengwa siyo Wafaransa wala Warusi. Agosti 1842 wafanyakazi wa viwanda vya pamba waligoma, wakajaa Lune Street hapo mjini Preston, askari wakawafyatulia risasi, wanne wakafa. Viongozi wakaona mikoa ya viwanda inahitaji kambi kubwa karibu. Nilipita Lune Street asubuhi kabla ya kupanda basi, kuna sanamu ya wale watu mikono juu na bunduki mbele yao. Nashauri yeyote anayekuja Fulwood aanzie pale, maana utaingia kambini ukijua zile kuta zilimlenga nani mwanzo.

Ndani wamekusanya rejimenti zote za eneo hili, East Lancashire, South Lancashire, Loyals na waliowatangulia mpaka karne ya 17. Kuna tai wa shaba wa Napoleon aliyetekwa Salamanca 1812, na kuna mambo ya Quebec 1759. Nilipita haraka, nisamehewe, moyo haukuwa huko.

Nilimkuta mzee mmoja wa kujitolea, mwanajeshi mstaafu, nikamwambia nimetoka Tanga. Akaniangalia, akarudia, "Tanga? Tanga yenyewe?" Akaniambia keti kijana, akaenda ndani, akarudi na faili na vitabu vya historia ya rejimenti, akavua miwani akavaa nyingine. Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Alikuwa anaijua Tanga kwa ramani ya 1914, anajua reli, anajua hospitali, anajua ghuba, ila hajawahi kujua kwamba Raskazone sasa kuna watu wanaogelea na kula pweza jioni.

Basi tukaipanga ile siku pamoja, yeye anatoa upande wake na mi natoa wangu. Walikaa wiki kadhaa melini tangu Bombay, wamebanana, wengi wamedhoofu. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitangulia na kapteni wake akawaambia Wajerumani kabisa kwamba vita inaanza, hivyo wakapata muda. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, usiku wa tarehe 3 mwenyewe akaingia mjini na baiskeli akazunguka mitaa kuangalia. Jemadari Aitken wa Waingereza alikuwa na watu mara nane ya wale na alikuwa na uhakika kupita kiasi. Tarehe 4 mchana, jua la Novemba, mnalijua jua letu la Novemba, vijana wa Bolton na Preston wanapita kwenye mashamba ya katani na minazi na vichaka hawaoni hatua kumi mbele. Loyals walisonga mpaka kwenye mtaro wa reli, Wakashmiri na Wagurkha upande mwingine wakaingia kabisa mjini. Vikosi vingine vya Wahindi ambavyo havikuwa na mafunzo ya kutosha vikavunjika. Risasi zikapasua mizinga ya nyuki kwenye miti, nyuki wakatoka wakauma kila mtu, Mwingereza, Mhindi, Mjerumani, askari wetu. Tarehe 5 wakarudi melini. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa waliokufa na kujeruhiwa na waliopotea, upande wa Wajerumani karibu 150, na ufukweni zikabaki mamia ya bunduki na risasi 600,000 ambazo Von Lettow alipigania nazo baadaye.

Nikamtafsiria mzee msemo wetu, waja leo waondoka leo. Hakucheka. Alisema wengine hawakuondoka, akafungua karatasi zenye majina ya Loyals waliofia kwetu.

Nikayasoma. Jina, namba, cheo, mahali alikozaliwa. Bolton, Preston, Chorley. Nataka niseme kwamba nilihuzunika, kweli kabisa, walikuwa watoto, wametolewa kwenye mashine za pamba wakapelekwa India halafu wakafia kwenye shamba la katani lisilo lao. Halafu nikamwuliza kuhusu wapagazi. Kwa sababu Loyals hawakuishia Tanga, walibaki Afrika Mashariki, 1916 walikuwa Salaita na Latema kule chini ya Kilimanjaro, na kwenye heshima za vita za rejimenti Kilimanjaro imo, Tanga haimo kwa vile walishindwa. Na kila safari ya jeshi lile ilibebwa vichwani na watu wetu. Magari yalikwama kwenye tope, wanyama waliuawa na mbung'o, ikabaki vichwa. Walichukuliwa mamia ya maelfu wakafa makumi ya maelfu, kuhara, malaria, njaa, kuchoka. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi majina yake yametoka kwenye kikosi hicho cha wapagazi.

Mzee alikaa kimya akipanga makaratasi. Akasema, "Tunacho kile ambacho vijana walirudi nacho." Nikamwambia na mimi juzi nimelifikiria hilo hilo. Akaniuliza babu yangu aliitwa nani. Hakuna mtu nje ya ukoo wetu aliyewahi kuniuliza. Nikamtajia, akaniomba nimuandikie herufi moja moja, akaliingiza kwenye karatasi pembeni ya yale majina, kwa penseli, akaandika Muheza, mpagazi, hakurudi. Nikaliandika na kwenye kitabu cha wageni.

Kambi hii imekuwa kwenye mipango ya kufungwa kwa miaka. Ikifungwa sijui makabati yale wataenda nayo wapi, na nimejikuta naomba yapate mahali pazuri, mi mtu wa Chumbageni.

Jioni nikasubiri treni stesheni ya Preston, ile ile ambayo wakati wa vita akina mama wa mji walikuwa wanawapa wanajeshi wanaopita chai na chakula bure usiku na mchana, zaidi ya milioni tatu walihudumiwa. Kuna bango la vijana wa Preston waliojiandikisha pamoja. Nikanywa chai pale.

Ijumaa, Carlisle

Nilikwenda kwa sababu tiketi nilishanunua. Ngome ni nzuri, nyekundu, imekaa tangu enzi za Wanormani, na makumbusho ya rejimenti ya Border yako ndani. Cha kukumbuka ni ngoma. 1811 Hispania, rejimenti namba 34 ya Waingereza ilikutana na rejimenti namba 34 ya Wafaransa, ikaiteka pamoja na ngoma zake, na ngoma hizo wanazo mpaka leo. Namba sawa, siku moja. Nilichoka, nikalala kwenye treni mpaka Preston nikakurupuka kubadilisha.

Usiku shemeji kaniambia amempigia mama yake Nyeri, wameongea saa nzima habari za cucu, na ameirekodi.

Tanga, tarehe 4 Novemba

Nimerudi wiki iliyopita. Dar nilipita pale Sanamu ya Askari, Posta, nikasoma maandishi yake kwa utulivu kwa mara ya kwanza maishani, maana siku zote unapita na daladala. Mnara ni wa 1927, maneno aliyatunga Kipling, kuna Kiswahili na Kiingereza, yanawaahidi walioifia nchi kwamba wanao watayakumbuka majina yao. Nikauzunguka mnara wote. Halipo jina hata moja.

Leo asubuhi nimeanzia makaburi ya Sakarani. Wako Wajerumani 16 na askari 48 waliokufa tarehe 4 na 5. Sakarani ndilo jina watu walilompa Tom von Prince, mmoja wa maofisa waliompiga Mkwawa kule Kalenga 1894, naye alifia hapa Tanga siku hiyo hiyo ya leo. Wanafunzi wawili walikuwa wanapita njia ya mkato na mabegi, wakanishikamoo, nikawauliza mnajua hawa ni nani, mmoja akasema ni Wajerumani wa nyuki.

Baadaye nikaenda kwenye makaburi ya kumbukumbu wanakolala Loyals na Wahindi. Nilikuwa na orodha niliyonakili Preston. Nikawatafuta wa Bolton mmoja mmoja kwa kidole, nikawapiga picha, nikamtumia yule mzee. Pale Urithi, makumbusho yetu ya Tanga kwenye boma la zamani, nimewapelekea nakala ya zile karatasi pia, na ile ya penseli nikaiweka juu.

Mchana nikapanda gari ya Muheza kwa shangazi. Ana miaka themanini na zaidi, macho yamepungua ila kichwa kiko sawa. Nikamsimulia yote, mpaka habari ya mzungu kuuliza jina. Akanyamaza, akajifunika kanga vizuri. "Sasa mwanangu mbona umeandika mmoja? Hakuchukuliwa peke yake. Walifungwa kamba watano, wa hapa hapa, bibi yako alikuwa akiwataja kila tukitwanga."

Nikachukua daftari. Amenitajia watatu, na nyumba zao zilipokuwa, mmoja ni pale penye kisima cha msikiti sasa. Wa tano kamkumbuka jina la utani tu, mwenyewe alikuwa hodari wa kukwea minazi. Kasema nirudi Jumapili, kuna mzee yuko Pongwe mama yake alikuwa wa nyumba hiyo, huenda jina lenyewe analijua.